Vinyweleo vya Msufi

Msufi ni mti mwepesi, lakini una kiu.
Ukiupaka rangi moja kwa moja unainywa yote,
kesho unalikuta bawa limekauka kama midomo ya Septemba,
nyuzi zimesimama, kila kinyweleo kiko wazi
kinakuuliza: ndiyo hiyo tu?

Nilijifunza kwa hasara. Kopo zima la rangi ya fedha,
nililolinunua Majengo kwa malipo ya mlango wa watu.

Sasa naanza na poda.
Poda ya mtoto, ya mwanawe Nyemo, nimeiomba nusu, nimeiba nusu:
vijiko viwili ndani ya vanishi iliyolainishwa kwa tina,
nakoroga hadi iwe kama uji wa mgonjwa.
Karakana nzima inanukia mtoto aliyetoka kuogeshwa,
na fundi Lemanya, anayepigilia kochi pale pembeni,
ananiuliza nimejifungua lini.

Napaka. Nangoja. Nasugua kwa msasa namba mia nne,
nikizifuata nyuzi, nisizikate.
Kinachotoka ni vumbi jeupe. Kinachobaki ndani
hakionekani, na ndicho kazi.
Napaka tena.

Ndege hii ni ya baba.
Miaka thelathini na mmoja aliutunza uwanja wa hapa Dodoma:
alifyeka nyasi, alifukuza mbuzi wa watu,
na kila kiangazi alipita na ndoo ya lami ya moto
akiziba nyufa za njia, moja moja, amepiga magoti,
huku jua likimziba yeye.
Alikuwa akisema, mkono ukiwa kwenye ugali wa uwele:
"Mwenye nyumba asipoziba ufa, atajenga ukuta.
Mimi nisipoziba, watachimba makaburi."
Halafu anaomba aongezwe mlenda.

Hakupanda ndege hata siku moja.
Rubani mmoja, wa kile kindege cha kubeba dawa,
alimwambia: Mzee Chibago, twende Kongwa turudi, si mbali.
Akajibu: nikiwa juu, chini yuko nani?

Leo mtoto wa jicho amemfungia mapazia yote mawili.
Anasoma kwa kidole gumba,
kilekile kilichoonja lami hadi kikapoteza alama zake.
Jioni namwekea bawa mapajani.
Anakipitisha, toka shinani kwenda nchani, polepole,
kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.
"Hapa."
Nashika, sisikii kitu.
"Hapa pana ufa."

Narudi kwenye poda.
Mara ya pili: hapa. Mara ya tatu: hapa na hapa.
Mara ya tano nikamkemea, Mungu anisamehe,
nikamwambia ni mwanasesere, baba, hakibebi mtu.
"Kwani nimesema kinabeba?"
Akanirudishia bawa langu.

Mpako wa sita niliuanika uani, Agosti,
nikaingia ndani kutafuta kitambaa. Dakika mbili.
Upepo ukaja kama mdeni aliyekumbuka,
ukainua vumbi la barabara ya Chang'ombe
na kulimwaga lote, jekundu, juu ya vanishi mbichi.
Nilikaa kwenye ndoo. Sikulia, lakini nilikaa.

Likakauka hivyohivyo. Nikasugua hivyohivyo,
kwa hasira, na mara hii sijui kama nilifuata nyuzi.
Vumbi lilikuwa limeingia pale poda ilipokataa,
limelala ndani ya vinyweleo, limetulia kama lililoitwa.
Bawa likatoka na wekundu wa mbali,
rangi ya kucha za mtu mzima wa afya.

Sikumwambia kitu. Nikaliweka mapajani.
Kidole gumba kikaanza safari, toka shinani,
kikapita pa jana, kikapita pa juzi,
nami nikiwa nimebana pumzi kama abiria.
Hakikusimama.
Kikafika nchani, kikaliacha bawa,
kikabaki hewani kitambo, juu ya ua,
hakina kitu chini yake.

Rangi bado sijapaka.